Baiskeli ya Baba Yapanda Ndege

Sanduku lilikuwa zuri, hilo hata Dada Mikate hakulikana. Mbao ngumu nyekundu, zimepigwa msasa mpaka zinateleza, zimepakwa vanishi, na vishikio vya shaba kila upande. Seremala aliyelitengeneza ndiye yule yule aliyetengeneza jeneza la baba yao wiki mbili kabla, na mbao zilikuwa zile zile. Zilibaki, na Kaka Mkubwa akaona si vizuri zipotee bure. Ndiyo maana tangu pikapu ilipowashusha mbele ya uwanja wa ndege, watu walikuwa wanawapisha njia. Mwanamume mmoja alivua kofia. Mama mmoja alimshika Shangazi mkono akamwambia pole sana, na Shangazi, ambaye hajawahi kuikataa pole ya mtu, akaipokea.

"Ni baiskeli," Dada Mikate akamwambia yule mama.

"Nyamaza," Kaka Mkubwa akasema bila kugeuza shingo.

Hawa ni ndugu wa tumbo moja, mkubwa na mdogo, na tangu kikao cha familia walikuwa hawasemezani ila kwa kukatana. Kaka alikuja kumzika baba baada ya miaka mingi ya kuishi nje. Akalia kuliko wote, akala kuliko wote, na siku ya kugawa vitu vya marehemu akasema yeye hana tamaa, hataki nyumba wala kiwanja, anataka baiskeli tu. Shangazi, dada wa marehemu, akasema kifungua mimba ndiye anayechagua kwanza. Wajomba wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyemtazama Dada Mikate, ingawa kila aliyekaa pale alikuwa amekunywa chai kwa mkate ulioletwa na baiskeli hiyo asubuhi ile ile.

Jina la Dada Mikate alipewa na wateja wake. Kila alfajiri alifunga kreti za mikate kwenye keria, akapita mtaa kwa mtaa, na kabla jua halijawa kali alikuwa amekwisha maliza. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa imebaki fremu bila magurudumu, inaning'inia msumarini kwenye banda la uani, kwa sababu gari la taka lilirudi nyuma bila kuangalia likayakanyaga magurudumu yote mawili. Tangu hapo akatumia ya Baba, maana Baba hakuwa tena na miguu ya kuipanda. Sasa hii ikiondoka, kazi nayo imeondoka. Mwenye tanuri alimwambia wazi, bila kumung'unya maneno: Jumatatu ukija kwa miguu, njia yako nampa mwingine, wateja hawawezi kungoja mkate mpaka saa nne.

Alimweleza Kaka hayo. Alimweleza kwa upole, na upole si kitu alichozaliwa nacho.

"Utapata nyingine," Kaka akasema.

"Wapi?"

"Wewe ni mtu mzima."

"Na wewe unakwenda kuifanyia nini huko?"

"Nitaitundika sebuleni. Ukutani. Wageni waone baba yangu alikuwa mtu wa namna gani."

Kuna watu wanaotamani ardhi ipasuke iwameze. Dada Mikate alitamani ipasuke immeze Kaka, na sebule yake, na ukuta wake.

Kwa sababu yeye alijua Baba alikuwa mtu wa namna gani. Miaka miwili ya mwisho Baba alilala chumba cha mbele, hawezi kuinuka, hawezi hata kuita kwa sauti. Lakini baiskeli ilikuwa na kengele ambayo hakuna nyingine mtaani iliyolia vile. Kifuniko chake kiliwahi kupasuka, Baba akakitengeneza mwenyewe kwa tupa na kipande cha bati, tangu hapo ikawa na sauti mbili, ya juu halafu ya chini, kama inauliza kitu. Dada Mikate alipofika getini aliipiga, na kutoka ndani Baba alijibu kwa kugonga kikombe chake cha bati kwa kijiko, mara mbili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Maana yake nimefika, na maana yake nimesikia. Siku moja aliipiga kengele na kikombe hakikujibu. Akaipiga tena. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwanza kwenye ngazi, kwa sababu alikuwa amekwisha jua kabla hajafungua mlango.

Kaka hakujua lolote katika hayo. Siku hiyo alikuwa sebuleni kwake, mbele ya ukuta wake mtupu.

Kwenye kaunta ya mizigo kulikuwa na dada mmoja mwenye skafu shingoni na macho ya mtu aliyeanza kazi kabla ya kuku kuamka. Akalitazama sanduku, akawatazama wao watatu, akarekebisha sauti.

"Poleni sana. Ila marehemu hapiti hapa. Kuna mlango wake, upande wa mizigo mikubwa."

"Si marehemu," Kaka akasema. "Ni baiskeli."

Dada wa kaunta akalitazama sanduku tena. "Baiskeli?"

"Baiskeli. Nimeshawaandikia, mkasema ruksa, mradi iwe imefungwa vizuri. Nimeifunga vizuri."

"Naona," akasema yule dada, na ile sauti ya msiba ikamtoka. "Iwekeni kwenye mizani."

Wabeba mizigo wawili wakaliinua, wakaguna, wakalibwaga. Namba nyekundu zikapanda zikasimama kwenye kilo arobaini na nne.

"Haiendi," akasema dada wa kaunta.

"Nitalipa."

"Hata ulipe. Zaidi ya kilo thelathini na mbili hatupokei mzigo mmoja. Wanaobeba kule chini ni watu, wana migongo."

"Dada, wewe unajua mimi ni nani?"

"Abiria," akasema yule dada. "Sanduku lenyewe, likiwa tupu, ni kilo ngapi?"

Shangazi akatazama viatu vyake. Dada Mikate akajibu, kwa sababu yeye ndiye aliyelipima jana, kwenye mizani ya unga pale kwenye tanuri.

"Ishirini na mbili."

Jana alimwambia. Alisimama mlangoni akamwambia, Kaka, hili sanduku litakula uzito wote, tafuta boksi. Na Kaka akamjibu mbele ya seremala, nani amekuuliza, wewe unajua ndege au unajua mikate? Seremala alicheka, na Dada Mikate akakimeza kile kicheko kikamkaa kooni mpaka leo. Sasa Kaka alimkata jicho moja, la aina ile ambayo utotoni ilimfanya akimbilie mgongoni kwa mama. Leo hakukimbia kokote.

"Basi shida imekwisha," akasema dada wa kaunta. "Pale karibu na mlango kuna watu wanafunga mizigo. Wana maboksi makubwa ya kadibodi, mepesi. Muitoe hiyo baiskeli, muiweke humo, itapita nzima na hata nguo zako utaongeza."

Moyo wa Dada Mikate ukaanguka. Ilikuwa rahisi hivyo. Kadibodi na gundi, na baiskeli inaondoka yote, na Jumatatu yeye anakwenda kwenye tanuri kwa miguu kuaga.

Kaka aligeuka akayaangalia yale maboksi. Yalikuwa yameegemezwa ukutani, mengine yameandikwa majina ya sabuni. Halafu akamwangalia mdogo wake. Mtu yeyote mwenye akili angeweza kuona jambo lenyewe lilivyokuwa likimpita usoni: kwenda pale ni kusema mbele ya wote kwamba muuza mikate alikuwa sahihi. Na Kaka Mkubwa, tangu akiwa na meno ya utoto, hajawahi kukubali kwamba mdogo wake yuko sahihi, hata siku aliyomwambia nyumba inaungua.

"Baiskeli ya baba yangu," akasema polepole, "haisafiri kwenye boksi la sabuni."

"Mwanangu," Shangazi akaanza, "boksi nalo si baya, mradi lisiloe..."

Hapo ndipo Dada Mikate alipofanya jambo ambalo hakulipanga. Alifungua mdomo akitaka kumuunga mkono Shangazi, maana hata chuki ina mipaka na baiskeli ilikuwa ya Baba, isingefaa ifunguliwe vipande vipande ili sanduku lipite. Lakini Kaka akamnyooshea kidole kabla hajasema.

"Na wewe usiniletee mdomo wako. Umefurahi? Ndiyo ulichokuwa unangoja tangu jana, nichekwe?"

Akaufunga mdomo. Alipoufungua tena, yaliyotoka yalikuwa matamu kama asali.

"Kaka yuko sahihi, Shangazi. Sanduku hili ni la heshima. Mtu hawezi kufika ugenini na boksi la sabuni, watamwonaje? Tupunguze vitu tu ndani."

Shangazi akamtazama kama mtu aliyesikia paka akibweka. Kaka naye akashangaa, lakini sifa ni sifa hata ikitoka kwa adui, akaipokea.

"Tupunguze," akasema.

"Fanyeni haraka," akasema dada wa kaunta. "Nikifunga, nimefunga."

Walilisogeza sanduku kando, karibu na nguzo. Dada Mikate akatoa spana kwenye mkoba wake. Ilikaa humo siku zote, pamoja na kitana na leso. Kaka alinyoosha mkono aichukue, akaangalia boliti, akaangalia koti lake, akaurudisha mkono.

Kifuniko kilipofunguliwa, baiskeli ilikuwa imelala humo kwa upande, imefungwa kwa vipande vya blanketi la Baba. Dada Mikate hakulitazama sana lile blanketi. Akaanza na keria.

"Mbona unaanza na hiyo?" Kaka akafoka. "Baba aliichomelea kwa mkono wake."

"Ndiyo maana ni nzito. Alitumia vyuma vya dirisha."

"Acha keria. Toa kingine."

"Nitoe bomba la mbele? Wewe ulikaa mbele, Kaka, kwenye bomba, unapiga kengele mtaa mzima. Mimi nilikaa nyuma kwenye keria naangalia jasho la shati lake. Sema nitoe kiti cha nani."

Kaka akakunja uso. Watu wawili watatu walikuwa wamesimama kutazama, kama watu wanavyosimama popote panapofunguliwa sanduku.

"Toa keria," akasema.

Ikatoka keria, ikatoka stendi. Wakarudi kwenye mizani. Bado. Wakarudi kwenye nguzo. Ikawa zamu ya kiti, kile kiti cha ngozi kilichochukua umbo la Baba mpaka hakuna mwingine aliyekikalia vizuri; hata Dada Mikate alikuwa akikikalia upande. Hapo mkono wa Kaka ulikuja wenyewe ukakishika.

"Ngoja kwanza," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na kiburi.

Dada wa kaunta alikuwa akiwaangalia kwa mbali. "Toeni hivyo vishikio vya shaba," akasema. "Viko vinne, vina uzito hivyo."

Kaka akavitazama vishikio. Vilikuwa vinang'aa. Seremala alivisifia sana.

"Vishikio vinabaki," akasema, na akakiachia kiti.

Dada Mikate alimwona akikiachia. Akakumbuka mara zote alizompigia simu, Baba amezidiwa, Baba haoni tena vizuri, Baba anakuulizia; na kila mara jibu lilikuwa moja, nakuja mwezi ujao. Akafungua boliti ya kiti kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Mizani ikasema bado.

"Magurudumu," akasema Kaka.

Dada Mikate hakuinua kichwa. Aliogopa akikiinua uso wake utamsaliti. Fremu iliyoning'inia bandani kwake ilikuwa na kila kitu ila magurudumu, na ya Baba yalikuwa saizi ile ile, yameshafungwa na tairi ambazo yeye mwenyewe alizibadilisha kabla ya msiba.

"Umesemaje, Kaka?"

"Magurudumu, toa! Masikio yako yamejaa unga?"

"Si unasema unataka wageni waone..."

"Fremu ndiyo baiskeli! Magurudumu nitanunua huko, huko yapo mazuri kuliko hayo. Toa, ndege inaniacha!"

Akayatoa. Kichwa bado alikiinamisha, na Kaka, alivyomwona, akadhani ni uchungu, akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. Alifurahi yule mtu. Dada Mikate naye alifurahi, furaha chafu, nyeusi, ya kumwona ndugu yako anajivua nguo mwenyewe huku anadhani anakuvua wewe. Gurudumu la mbele likaegemezwa kwenye nguzo, la nyuma likafuata. Kwenye sanduku lile kubwa la heshima vikabaki fremu na usukani, pamoja na pedeli na madigadi, vinachezacheza kwenye blanketi.

Mizani ikasimama thelathini na moja na nusu.

"Sasa inakwenda," akasema dada wa kaunta, akabandika karatasi. Halafu, kwa kuwa alikuwa amevumilia mengi, akaongeza: "Ila sasa umebeba nini?"

Shangazi akageuka upande, mabega yakawa yanamtikisika. Hakuwa analia.

Kaka alivaa koti lake. Akamsogelea mdogo wake, akavielekezea kidole vile vitu vilivyopangwa chini, keria, stendi, kiti, magurudumu.

"Hivyo utanitumia. Watu wanasafiri kila siku, kila mmoja mpe kimoja kimoja. Usiniuzie hata boliti."

"Nitakutumia," akasema Dada Mikate.

"Lini?"

"Mwezi ujao, Kaka."

Hakuongeza chumvi. Aliyasema vile vile yalivyokuwa yakisemwa kwenye simu, sauti ile ile yenye haraka kidogo. Ikachukua muda kumfikia. Alipoyatambua, uso wa Kaka ukabadilika rangi.

"Una roho mbaya wewe," akasema.

"Tumetoka tumbo moja."

"Nyie watoto!" Shangazi akasema. "Mbele za watu!" Lakini hakuna aliyemsikiliza, na yeye mwenyewe hakusema kwa nguvu.

Wabeba mizigo walilibeba sanduku hadi kwenye mkanda wa mizigo. Lilikuwa refu, halikuweza kupita limelala upande ule, ikabidi waliinamishe kichwa chini lielekee kwenye mapazia ya mpira mlangoni mwa mkanda. Dada Mikate alikuwa ameshaokota keria kwa mkono mmoja, spana kwa mwingine, na kichwani alikuwa anapanga: leo hii hii, akifika tu, anaishusha fremu msumarini. Jumatatu mikate inatoka. Amemshinda. Miaka yote ya kukaa nyuma, na leo amemshinda, na hata hakuhitaji kumdanganya.

Sanduku likainama. Ndani, fremu ambayo haikuwa tena na kitu cha kuishikilia ikateleza mpaka mwisho, ikagonga mbao.

Kengele ikalia. Sauti ya juu, halafu ya chini.

Alikuwa ameisahau. Alitoa kila chenye uzito, na kengele haikuwa na uzito wowote. Spana ilikuwa mkononi mwake muda wote ule. Ilikuwa skrubu moja tu, angeweza kuifungua akiwa amefumba macho, na asingeambiwa neno. Aliona mapazia ya mpira yakifunguka. Kengele ikalia tena, mbali kidogo, imezibwa na mbao na blanketi, inauliza. Na mkono wake, bila yeye kuutuma, ukainuka na kugonga spana kwenye chuma cha keria. Mara mbili.

Kaka akageuka. "Unagonga nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakujua. Ilikuwa imelia kengele tu, kengele ya baiskeli ya baba yake, aliyoipiga utotoni akiwa amekaa mbele.

"Hakuna," akasema Dada Mikate.

Kaka akambusu Shangazi, akachukua begi lake dogo, akaenda zake kwenye mlango wa pasipoti bila kumuaga mdogo wake, na mdogo wake hakumuaga. Mapazia ya mpira yalikuwa yamekwisha tulia. Dada Mikate alibaki amesimama pale, gurudumu limeegemea paja lake, anasikiliza. Shangazi alimvuta mkono akamuuliza analia nini, si vitu vyote amebaki navyo yeye.

Mlinzi akaja. "Mama," akasema, "hapa si gereji. Toa vyuma vyako njiani."

Akavitoa.